Waosha Mavumbi ya Sonara

Mtaani walimwita Sumaku, na jina hilo alilipata kihalali, maana kwa miaka zaidi ya thelathini hakuwahi kutoka nyumbani bila sumaku mfukoni. Kilikuwa kipande kizito alichokibandua kwenye spika ya redio mbovu, na alikivika kitambaa ili akikivua kile kitambaa, chembe za chuma zilizonasa zidondoke zenyewe. Ukimwonyesha bakuli, ataligusisha. Ukimwonyesha pete uliyovishwa na mchumba wako ataigusisha pia, hata kama hukumwomba, na ikinasa atakutazama kwa huruma. Uchumba wa watu wawili watatu ulivunjika kwa ajili yake, na mwenyewe hakuona kosa lake liko wapi.

Kazi yake ilikuwa kuosha mavumbi ya masonara. Asiyeijua kazi hii huicheka, kwa hiyo afadhali niieleze. Sonara akikata dhahabu, akiipiga tupa na kuisugua, ile inayotoka haipotei, inaanguka tu. Inaanguka mezani, sakafuni, kwenye aproni, kwenye beseni la kunawia mikono. Kwa hiyo sonara mwenye akili zake hatupi takataka. Anazifagia na kuzitia guniani, na gunia likijaa anamwita mtu kama Sumaku azichambue, kisha kinachopatikana wanagawana, nusu kwa nusu.

Kuchambua kwenyewe hakuna uchawi. "Kila kitu kina tabia yake," Sumaku alipenda kusema. "Ukiijua tabia ya kitu, kitajitenga chenyewe, huna haja ya kugombana nacho." Karatasi, nywele na nyuzi huungua, dhahabu haiungui, basi kwanza mavumbi yanachomwa kwenye karai mpaka yawe majivu. Vipande vya vioo na kokoto havipiti kwenye chekecheke. Unga wa chuma uliotoka kwenye tupa na misumeno huikimbilia sumaku. Kinachobaki kinatiwa majini, na hapo majivu huelea, mchanga huyumba na kutoka na maji, na dhahabu, kwa uzito wake, huzama. "Dhahabu haijui kuogelea," alikuwa akimalizia, na maneno hayo aliyasema mara nyingi mno hata watu wa nyumbani kwake walikuwa wakimtangulia kuyasema kabla hajafungua kinywa.

Ila kwenye maji yeye hakuwa fundi. Mkono wake ulikuwa mzito, akimwaga anamwaga na visivyomwagwa. Fundi wa maji alikuwa dada yake, mtoto wa mwisho wa mama yao, ambaye kwa sababu hiyo waliishia kumwita Kitinda. Walipishana miaka saba. Baba yao alipofariki Kitinda alikuwa hajajua hata kufunga kamba za viatu, na aliyemfundisha kuzifunga ni kaka yake. Alipokua akajiunga naye kwenye kazi. Alikuwa akikaa kwenye kigoda uani, sinia mapajani, analizungusha polepole na kuliinamisha mpaka maji yanafika ukingoni kabisa, mtazamaji unashika pumzi, halafu anayarudisha. Maji machafu aliyamwaga kwenye mfereji mdogo ulioishia kwenye shimo nyuma ya ukuta. Mama yao alikaa mlangoni akiwatazama, na watu wakipita aliwaambia, "Hao wangu wawili, mmoja ana macho na mwingine ana mikono." Ilikuwa nyumba ya raha ile, tusidanganyane.

Sasa, sonara wao mkubwa, aliyewapa magunia mengi kuliko wote, siku moja akanunua mashine ya kung'arishia. Zamani wafanyakazi wake walikuwa wakisugua pete kwa mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Mashine ilikuwa na gurudumu la kitambaa linalozunguka kwa kasi, linapakwa nta nyekundu ya kipande, na nyuma yake kuna sanduku linalofyonza vumbi lote. Gunia la kwanza kutoka kwenye sanduku hilo lilipofika uani, Sumaku aliingiza mkono na kufurahi. Vumbi lilikuwa laini, jekundujekundu, kama unga uliochekechwa mara tatu. Hakuna karatasi, hakuna nywele, hakuna vijiti vya kiberiti.

"Hili hatulichomi," akasema. "Linakwenda majini moja kwa moja."

"Si tumezoea kuchoma kwanza, kaka?" Kitinda akauliza.

"Tunachoma takataka. Takataka ziko wapi hapa? Nionyeshe."

Kitinda hakuwa na cha kumwonyesha. Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamwambia hivyo mtu mwenye sumaku mfukoni? Wakatia vumbi majini, Kitinda akaanza kuzungusha sinia. Baada ya muda akaacha.

"Kaka, haya maji yana utando juu. Njoo uone, yanameta."

Sumaku alikuwa upande wa pili wa ua, anapiga chekecheke lake. Hakuinuka. Kutoka pale hadi kwenye kigoda ni hatua tisa au kumi. "Mafuta ya mashine hayo," akasema. "Yamwage."

Kitinda akayamwaga.

Gunia lile lilitoa kidogo mno. La pili vilevile. La tatu lilipotoa chembe za kuhesabika, sonara alimwita Sumaku karakanani, akafunga mlango wa kioo, akasema kwa upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua. Alisema yeye huipima kila pete kabla ya mashine na baada ya mashine, na anajua mashine imekula kiasi gani. Alisema mavumbi yake yamepita mikononi mwa watu wawili tu. "Siku za mwizi arobaini," akamalizia. "Sijui kati yenu ni nani, na sitaki kujua. Malizaneni wenyewe, halafu uje uniambie."

Hapo ndipo Sumaku alipoharibu maisha yake, na aliyaharibu kwa kufikiri, si kwa kutofikiri. Alijua mambo mawili kwa hakika. La kwanza, dhahabu haijui kuogelea. La pili, yeye hajaiba. Akatoa hili, akatoa lile, akabaki na Kitinda. Isitoshe, Kitinda alikuwa ameposwa, na mwezi uleule alikuwa amenunua viatu vipya vyenye kisigino. Viatu! Alivinunua kwa akiba yake ya mwaka mzima, na kaka mtu angemuuliza angeambiwa. Hakuuliza.

Asubuhi iliyofuata alimpeleka karakanani. Walikuwepo sonara, wafanyakazi wake wawili, na mama mmoja mteja aliyekuja kuchukua hereni. Sumaku akaweka beseni jeupe mezani, akamimina maji, akamwambia dada yake afumue nywele azioshe humo, mbele ya watu wote. Nywele zenyewe zilikuwa ndefu, nyingi, za kuonewa fahari. Kitinda alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alifumua msuko mmoja baada ya mwingine, akainama, akaosha. Sumaku akayachukua yale maji, akayaacha yatulie, akayamwaga taratibu. Chini ya beseni zilibaki chembe tatu za njano.

"Mmeona?" akasema.

Subirini kidogo hapo. Kuna jambo ambalo Sumaku alilijua vizuri kuliko mimi na nyinyi. Mtu yeyote anayeshinda kwenye mavumbi ya sonara, nywele zake zina dhahabu. Za sonara zina. Za wale wafanyakazi wawili zina. Za Sumaku mwenyewe, mngeziosha asubuhi ileile, zingetoa chembe tano au sita. Alilijua hilo wakati ameinama juu ya beseni. Lilimpitia kichwani waziwazi, na akaliacha lipite, kwa sababu sonara alikuwa anamtazama yeye, na ni vyema kutazamwa ukiwa upande wa anayeshika beseni.

Kitinda alisimama, maji yanamtiririka mabegani. "Kaka," akasema, "na wewe osha zako."

Yule mama wa hereni alimgeukia Sumaku kuona atafanya nini.

"Mimi ndiye mkubwa wako," Sumaku akasema.

Basi. Hilo ndilo jibu alilolipata kichwani mwake mtu wa miaka thelathini na mitatu.

Kitinda aliondoka kwa miguu, na Sumaku akapanda pikipiki akamtangulia nyumbani, ili Mama alisikie jambo hili kutoka kwake kwanza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Kwa Mama hilo lilitosha. Mwanawe mwenye macho ameona, nani tena wa kubisha? Kitinda alipofika alikuta begi lake limewekwa mlangoni. Aliolewa mji mwingine bila mtu wa kwao hata mmoja kuwepo. Mama alifariki miaka minne baadaye, na siku ya mazishi Kitinda alisimama nyuma kabisa, kati ya majirani, kama mtu aliyekuja kumzika mama wa mwenzake. Walipomaliza kufukia alikuwa ameshaondoka.

Sonara hakumpa Sumaku magunia tena. Alisema anaona haya tu, lakini maana yake ilikuwa wazi: hakumwamini tena. Sumaku akahamia kwa masonara wadogo wasio na mashine, mavumbi yao yakiwa na nywele, karatasi na kila uchafu, kwa hiyo akayachoma kama zamani. Akayaosha mwenyewe kwa mkono wake mzito. Na kwa kuwa alichoma, dhahabu ilizama kama inavyotakiwa, na kila gunia likatoa haki yake. Sumaku akajiambia: unaona, tangu aondoke hakuna kinachopungua. Akaona ushahidi umetimia, akalala usingizi. Alilala usingizi huo miaka kumi na minane, na huenda hilo ndilo linalomwuma zaidi kuliko yote.

Kisha shimo la nyuma ya ukuta likaziba. Maji yalirudi uani, yakafika hadi kizingitini, ikabidi aitwe fundi bomba. Fundi alichimbua nusu siku, akitupa tope jeusi pembeni, kisha akasimama na kuliangalia sepetu lake.

"Mzee, hebu njoo. Huku chini mna tope jingine. Lina mafuta. Mlikuwa mnakaanga nini humu?"

Sumaku akaja. Tabaka la juu lilikuwa la majivu ya kawaida. Chini yake palikuwa na tope la rangi nyekundu iliyofifia, linateleza vidoleni, na alipolinusa alisikia harufu ya nta. Hakuwa ameinusa harufu hiyo tangu mlango wa kioo ulipofungwa.

Akachukua konzi moja, akaitia kwenye karai, akawasha moto. Tope lilitoa moshi mzito, likashika moto lenyewe, likawaka kama mshumaa. Likabaki jivu. Akaliponda, akaliosha polepole kuliko alivyowahi kuosha kitu maishani. Chini ya sinia ukabaki mstari wa njano mrefu kama kidole.

Akachukua konzi nyingine, safari hii bila kuichoma. Akaivurugia kwenye beseni la maji safi, akasubiri. Utando ukapanda juu, na ndani ya utando dhahabu ilikuwa imelala juu ya maji, inameta, nyembamba, imetulia. Aliigusa kwa kidole. Ikazama kidogo, ikarudi juu. Nta ilikuwa imeivika kila chembe, na kitu kilichovikwa nta maji hayakipati, na chembe iliyo nyepesi kiasi hicho, maji yasipoipata, haizami. Moto ungeiondoa nta. Moto uleule alioona ni wa kupoteza mkaa bure.

"Ni dhahabu hiyo, mzee?" fundi bomba akauliza, macho yamemtoka. "Si ni habari njema?"

"Hapana, mwanangu," Sumaku akasema. Alikaa chini kwenye tope na nguo zake zote, na fundi akadhani mzee amepatwa na presha.

Alimaliza wiki tatu kulisafisha shimo lile. Hakuacha hata ukucha wa tope. Kilichopatikana kilikuwa karibu sawasawa na alichokisema marehemu sonara, maana naye sonara alikuwa ameshafariki, na karakana yake siku hizi ni duka la simu. Sumaku akaifunga dhahabu kwenye karatasi, akaulizia kwa watu mpaka akapata mtaa anaokaa dada yake, akasafiri.

Kitinda alikuwa anapiga pasi. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kufua na kunyoosha mashuka ya nyumba za wageni, na chumba chote kilikuwa na marundo meupe yaliyofika kiunoni. Nywele alikuwa amezinyoa karibu na ngozi, na zilikuwa zimeanza mvi.

"Hodi."

"Karibu." Akainua macho. Akamwona. Akaendelea kupiga pasi mpaka ikaisha foronya ile, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye rundo. "Kaa," akasema.

Sumaku alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yalitoka yamevunjikavunjika. "Ilikuwa nta. Ile nta ya mashine. Inaishika dhahabu inaelea. Uliniambia maji yanameta. Mimi ndiye niliyesema yamwage. Yote ilikuwa shimoni, Kitinda, yote. Hukuiba."

"Najua sikuiba," Kitinda akasema. "Umesafiri kuja kuniambia mimi hilo?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

Kitinda alivuta shuka jingine, akalitandaza. "Umewaambia akina nani?"

"Akina nani?"

"Waliokuwepo siku ile. Sonara."

"Amefariki."

"Wafanyakazi wake."

"Sijui walikokwenda."

"Yule mama wa hereni."

"Hata jina lake sikulijua."

"Na Mama?"

Sumaku akaishika ile karatasi mfukoni.

"Nilikwenda kumwona," Kitinda akasema, sauti yake ileile, pasi inakwenda na kurudi. "Mwaka ule kabla hajafa. Nilikuwa na mimba ya binti yangu, nilitaka aniwekee mkono. Hakuninyima kiti. Lakini nilipoingia chumbani alivuta kimkoba chake akakiweka chini ya mto. Mama yangu mzazi. Hakusema kitu, alikivuta tu, na mimi nikamwona. Basi nenda kamwambie Mama kwanza. Akishakuelewa, njoo tuongee habari za radhi."

Sumaku akalia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, kama wanavyolia wanaume ambao hawakuwahi kujifunza. Kitinda alimwacha alie. Hakumfukuza wala hakumshika bega. Alipoona ametulia, akamletea maji ya kunywa kwenye glasi.

Sumaku akatoa ile karatasi, akaifungua juu ya meza ya pasi. "Chukua yote. Naomba uchukue yote."

Kitinda aliitazama dhahabu, akaiweka pasi pembeni. Akachukua kisu cha mezani, akaigawa katikati kwa ncha. "Hii nusu ni ya sonara. Ana watoto?"

"Ana kijana mmoja. Anakaa palepale mjini."

"Umempelekea?"

"Sijafikiria."

"Mpelekee. Na umwambie imetoka wapi, na kwa nini imechelewa." Nusu iliyobaki akaigawa tena katikati. Fungu moja akalifunga kwenye kipande cha gazeti, akalitia mfukoni mwa aproni. "Hii ni yangu, ni jasho langu. Hiyo ni yako. Hakuna anayemdai mwenzake."

Sumaku angependa adaiwe. Angependa Kitinda amwambie bado, hujamaliza, rudi kesho na keshokutwa ulipe kidogokidogo mpaka ufe. Lakini hakuambiwa hivyo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia binti mrefu amebeba kapu la mashuka yaliyokauka. Alikuwa na mikono ya mama yake, na paji la uso la mama wa mama yake. Akalitua kapu, akapiga magoti kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Binti akamgeukia mama yake. "Mama, mgeni wetu ni nani?"

Sumaku alikuwa ameshafungua kinywa kusema, mimi ni mjomba wako. Akamtazama dada yake. Kitinda alikuwa ameinamia shuka, na hakuinua macho.

"Ni fundi mmoja nilifanya naye kazi zamani," akasema, "kabla hujazaliwa."

"Ooh. Karibu sana, mzee," binti akasema, akatabasamu. "Nikuletee chai?"

"Asante, mwanangu," Sumaku akasema, akainuka. "Nilikuwa ndiyo naondoka."